Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Treni ya Pugu: Tuambieni Kabla ya Kubadilisha

Abiria wa treni ya mjini,
Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.

Kwa Mkurugenzi na viongozi wote wenye dhamana ya treni ya abiria ya mjini,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MABADILIKO YA HUDUMA YA TRENI YA ABIRIA KATI YA STESHENI NA PUGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninakuandikia kwa heshima, na ninaandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imetufikisha ukutani. Abiria wa treni hii tulikwisha kuandika barua, tukaipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa muhuri wa mapokezi. Hatukujibiwa. Tulipofuatilia tuliambiwa mhusika yuko kikaoni. Tulipofuatilia tena tukaambiwa jalada limepanda kwa mkubwa mwingine. Msimamizi wa kituo tunachopandia ni mtu muungwana, na alitueleza bila kuficha kwamba maamuzi haya hayafanyiki kwake. Basi tunakuja kwako na kwa wenzako mnaoyafanya, mbele ya wananchi wengine, ili jibu litoke.

Sina cheo wala chama. Ni abiria wa kila siku, alfajiri kwenda Kariakoo na jioni kurudi Gongo la Mboto. Yaliyomo humu nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia kwa watu ninaopanda nao behewa moja, na kabla ya kuituma barua hii nimewasomea. Waliyosema niongeze nimeyaongeza.

Kwanza niseme jambo ambalo malalamiko yetu hayalifuti: kuanzishwa kwa treni hii kulikuwa jambo jema. Mwaka 2012, Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliposema kwamba reli zinazopita katikati ya Dar es Salaam zibebe na watu wa mjini, wengi walidhani ni maneno ya jukwaani. Oktoba mwaka huohuo treni zikaanza kweli, moja kutoka Stesheni, kituo kikuu cha katikati ya mji, hadi Ubungo, nyingine kwenye reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga. Nauli ya Ubungo ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 100 kwa mwanafunzi. Watu wakaipa jina la waziri mwenyewe. Agosti 2016 ikaongezwa safari ya Pugu, hii yetu, na wapo wanaoiita treni ya Mwakyembe mpaka leo ingawa yeye alikuwa ameshahamia wizara nyingine.

Ilikuja wakati tunaihitaji. Sensa ya 2012, iliyofanyika miezi michache tu kabla ya treni kuanza, ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni moja halikwenda Upanga wala Oysterbay. Sehemu kubwa ilikwenda pembezoni, kule ambako mtu wa kipato cha kawaida alikuwa bado anaweza kupata kiwanja: Chanika, Msongola, Majohe, Kivule, Pugu. Wenzangu wengi wa behewani walinunua viwanja vyao baada ya kukaa chini na kupiga hesabu ya nauli, ya muda wa njiani, ya ada za watoto, na treni ikawa ndani ya hesabu hiyo. Wamejenga, wamehamia, watoto wameandikishwa shule. Saa ya treni ikisogezwa, hesabu ya nyumba nzima inavurugika, na hakuna anayeweza kubeba nyumba yake akaisogeza karibu na mji.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Ratiba inabadilishwa bila sisi kuambiwa.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kama ningeruhusiwa kuandika moja tu ningeandika hili.

Tunafika kituoni alfajiri, treni haipo. Tunasubiri. Baadaye mama anayeuza vitumbua pembeni ya reli anatuambia leo haiji, au imesogezwa mbele. Yeye amesikia kwa mlinzi, na mlinzi amesikia kwa mtu wa zamu aliyepita usiku. Kwa njia hiyo ndipo mabadiliko ya huduma ya umma, inayotegemewa na maelfu ya watu, yanapowafikia wanaoitumia. Siku nyingine tunakuta karatasi imebandikwa kwenye dirisha la tiketi, imeandikwa kwa kalamu, na imebandikwa asubuhi ileile mabadiliko yanapoanza. Tangazo la namna hiyo halimsaidii mtu ambaye ameshalipa bodaboda kutoka Majohe na sasa amesimama gizani na mkoba wake.

Nataka mjue kinachofuata baada ya hapo, kwa sababu nina wasiwasi kwamba wanaosaini ratiba hawajawahi kukiona. Mtu aliyekosa treni anakwenda barabarani. Daladala zinapita zimejaa tangu zinakotoka. Wenye nguvu wanapanda kupitia dirishani. Wasio na nguvu wanageuza nazo: wanapanda daladala inayokwenda mwisho wa njia, wanalipa nauli ya kurudi nyuma, ili wabaki na siti gari linapoanza kuja mjini, kisha wanalipa tena. Desemba 2023 nauli ya daladala ilipanda. Hata njia fupi isiyozidi kilometa 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na njia yetu ni ndefu kuliko hiyo. Ukigeuza asubuhi, ukaunganisha gari la pili, na jioni ukamaliza na bodaboda, fedha uliyotegemea kununulia mboga ya nyumbani imeishia njiani.

Na hapo sijataja muda. Kibarua wa kiwandani Vingunguti analipwa kwa kutwa. Akifika lango limefungwa, siku yake imekwisha kabla jua halijapanda, na kesho msimamizi atamchukua mwingine. Mgonjwa mwenye tarehe ya kliniki hospitali ya Amana anapangiwa tarehe nyingine. Fundi aliyeahidiana na mteja anampoteza mteja. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeweza kumwambia mwajiri wake kwamba ratiba imebadilika, kwa sababu hana karatasi ya kumwonyesha.

Ndugu Mkurugenzi, hatusemi ratiba isibadilike. Reli inahitaji kutengenezwa, kichwa cha treni kinaharibika, mvua za masika zinajulikana. Tunachosema ni kwamba mnayajua mabadiliko haya kabla yetu. Kuna kikao kinachoyaamua, kuna barua inayoandikwa, kuna dereva anayepangiwa zamu mpya. Kati ya wote wanaopewa taarifa mapema, abiria peke yake ndiye anayesahauliwa.

2. Treni ya jioni imevutwa nyuma.

Zamani treni ya jioni iliondoka saa ambayo mtu wa dukani Kariakoo aliweza kufunga mlango, akatembea hadi kituo cha Kamata na kuiwahi. Sasa inaondoka mapema. Ile inayotakiwa kufuata baadaye siku nyingine ipo, siku nyingine haipo.

Ratiba hii mpya inamfaa mtu wa ofisini anayetoka saa tisa na nusu. Haimfai muuza duka, fundi cherehani, mama lishe anayeosha masufuria baada ya wateja wa mwisho, kuli wa sokoni, wala yule anayefagia ofisi baada ya wenye ofisi kuondoka. Hawa ndio waliojaza treni hii tangu ilipoanza. Mjini wanaingia mapema na wanatoka wakiwa wamechelewa, na kipato chao hakiwaruhusu kuita gari kwa simu. Kama kuna saa moja tu ambayo treni hii ni lazima iwepo, ni saa ya jioni wanapofunga kazi.

Kwa wanawake jambo hili ni la usalama. Treni ya jioni ilikuwa inamshusha mama Gongo la Mboto akiwa na majirani zake, wakaongozana hadi mitaani kwao. Sasa anashuka daladala peke yake, usiku, akiwa na mfuko wa mauzo ya siku, na kipande kilichobaki anakimaliza na bodaboda ambayo haijui. Yuko dada wa behewa letu anayeuza vitenge. Anasema siku hizi anaondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Wakati wa ratiba ya zamani alikuwa anakagua madaftari yao.

3. Mabehewa yamepungua, watu hawakupungua.

Treni tuliyozoea kuiona ndefu siku hizi inakuja fupi. Hakuna aliyetueleza kama ni kwa muda au ndivyo itakavyokuwa. Tunachojua ni kwamba wanaosubiri ni walewale, na pengine wameongezeka.

Msongamano huu si kero ndogo ya kuvumiliwa. Vijana wananing'inia mlangoni treni ikiwa mwendoni. Wajawazito wanasimama njia nzima, takribani kilometa 20, kwa sababu hata anayetaka kuwapisha hawezi kuinuka alipokaa. Simu zinaibwa, na anayeibiwa hana pa kuripoti mpaka afike mwisho wa safari. Jambo ambalo wanawake wa treni hii walinisisitizia nisilipitie juu juu ni hili: wanashikwashikwa. Wanadhalilishwa na watu wanaojificha ndani ya umati, na wanaponyamaza si kwamba wameridhika, ni kwamba hakuna mlinzi wala mtumishi yeyote behewani wa kumwambia. Baba mmoja alinieleza kwamba binti yake wa kidato cha pili amekataa kabisa kupanda tena treni. Ningependa kiongozi mmoja kati yenu aniambie huyo binti tumwambie nini.

4. Wanafunzi wameachwa barabarani.

Kila mkazi wa jiji hili anajua mwanafunzi anavyotazamwa na makonda. Nauli yake kwenye daladala ni shilingi 200, na konda anajua kwamba nafasi ya mwanafunzi mmoja ingempa nauli kamili ya mtu mzima. Kwa hiyo anamzuia mlangoni. Utawaona watoto wenye sare kwenye vituo vyetu vya daladala vya Banana na Mombasa, magari yakiwapita moja baada ya jingine.

Treni haikuwa na ubaguzi huo. Mtoto alipanda kama watu wengine, akakaa, akafika. Wazazi wengi wa huku waliwapeleka watoto shule za Ilala na Buguruni kwa kuitegemea treni ya asubuhi. Saa yake iliposogezwa, treni hiyohiyo ikaanza kuwafikisha baada ya kengele. Watoto wanaadhibiwa kwa kuchelewa ambako hawakukusababisha. Wengine wamerudishwa barabarani kabla ya alfajiri kugombania daladala na watu wazima. Sidhani aliyeibadilisha ratiba alikusudia hili. Nadhani hakuna aliyeuliza shule zinaingia saa ngapi.

5. Vituo vinarukwa, na vilivyobaki viko gizani.

Kuna siku treni inapita baadhi ya vituo bila kusimama, na abiria wa vituo hivyo wanajua inapopiga honi na kuongeza mwendo. Waliomo ndani wanapelekwa mbele na kurudi kwa miguu wakifuata tuta la reli. Vituo vyenyewe vingi havina taa wala paa la maana. Penye jukwaa, mabehewa ya nyuma mara nyingine yanabaki nje yake, na wazee wanashushwa kwa kubebwa. Abiria anayetembelea magongo hana njia ya kupanda pasipo kuomba msaada wa watu asiowajua.

6. Tiketi.

Treni ikifutwa baada ya mtu kukata tiketi, fedha hairudi na tiketi haitumiki kesho yake. Huku ni kulipisha huduma ambayo haikutolewa.

Hayo ndiyo malalamiko yetu. Majibu mtakayotoa tunayafahamu kwa kiasi, kwa sababu mengine tumekwisha kuyapata kwa mdomo, nami naomba niyajibu hapahapa ili tusipotezeane muda.

Mtasema vichwa na mabehewa hayatoshi. Tunawaamini, tunaviona, ni vikuukuu. Lakini uhaba wa mabehewa hauzuii kuandika ratiba mnayoweza kuitekeleza. Mkitupa safari chache zenye uhakika, tutapanga maisha yetu kuzizunguka. Safari nyingi za kwenye karatasi ambazo nusu yake hazitokei ndizo zinazotuumiza, kwa sababu tunatoka nyumbani kwa kuziamini.

Mtasema reli ni moja na treni za bara na za mizigo lazima zipite. Hilo nalo tunalielewa. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Treni zinazokutana zinapishana kwenye stesheni, na moja lazima isubiri. Ila kila mara anayesubiri ni sisi, na tunasubiri ndani ya mabehewa yaliyojaa bila neno lolote kutoka kwa mtu yeyote. Aprili 12, 2017, jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa hapahapa Pugu. Miaka yote ya ujenzi tulivumilia kusimamishwa, vumbi, na kubadilishiwa njia za kufika vituoni, kwa sababu tulikuwa tunaona kinachojengwa ni cha nchi yetu. Juni 14, 2024, treni ya umeme ikaanza kubeba abiria hadi Morogoro, na kabla ya Julai kwisha ikafika Dodoma. Tulifurahi. Tulitarajia pia kwamba baadhi ya abiria wa bara wakihamia kwenye reli yao mpya, reli ya zamani itapata nafasi zaidi kwa watu wa mjini. Tunaomba tuambiwe nafasi hiyo imekwenda wapi.

Nimesimama mara nyingi nikiitazama treni ile ya umeme ikipita Pugu. Abiria wake wanatangaziwa safari kwa Kiswahili na Kiingereza, wanajua saa ya kuondoka na ya kufika, na ikichelewa inakuwa habari ya magazeti. Sisi wa treni ya zamani hatuombi umeme. Tunaomba adabu ileile ya kumwambia abiria ukweli.

Kuna aliyetushauri kwamba treni yetu ikisumbua tupande ya upande wa TAZARA. Kwa mtu anayeijua reli, ushauri huo hauna msaada. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, yetu ina 1,000. Treni ya huku haiwezi kwenda kule, na vituo vya kule haviko karibu na wote wanaopanda treni hii. Kila njia ina watu wake.

Mtasema nauli ni ndogo na safari zinaendeshwa kwa hasara. Daraja la Mfugale pale Tazara lilizinduliwa Septemba 2018, na hakuna dereva anayelipia kupita juu yake. Serikali ilijenga kwa sababu foleni ya pale ilikuwa inalila jiji. Treni yetu nayo inafanya kazi hiyohiyo. Kila behewa linaloondolewa linawarudisha watu wake Barabara ya Nyerere, kwenye daladala, bajaji na pikipiki. Na ikiwa kweli nauli haitoshi, sheria ipo na mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, ipo. Pelekeni maombi ya nauli mpya huko, wananchi waitwe watoe maoni, nasi tutakwenda na kusema tunachoweza kulipa. Wapo kati yetu ambao wangekubali kuongeza kidogo ili treni ya jioni irudi. Hawajaulizwa.

Mtasema mwendokasi wa awamu ya tatu, wa Gongo la Mboto, ndio jibu. Tunaupokea kwa mikono miwili. Lakini Pugu iko mbele ya Gongo la Mboto, na mtu wa Pugu hawezi kuambiwa aache treni inayopita mlangoni kwake akatafute gari la kumpeleka kwenye basi. Jiji la watu zaidi ya milioni tano halina usafiri wa ziada wa kutupa.

Na mtasema baadhi ya abiria hawalipi nauli, wengine wanachana viti na kuvunja vioo. Wapo, na wanatukera kuliko wanavyowakera ninyi, kwa sababu tunakaa nao. Tuko tayari kuteua abiria wa kila behewa watakaoshirikiana na watumishi wenu kuwabaini. Tulilisema hilo kwenye barua yetu ambayo haikujibiwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, badiliko lolote la ratiba litangazwe angalau siku saba kabla, kwenye vituo vyote, redioni, na kwa ujumbe mfupi wa simu kwa abiria watakaojiandikisha. Pakitokea dharura, taarifa itumwe mara inapojulikana, hata kama ni saa kumi alfajiri. Hakuna atakayelalamika kwa kuamshwa na ujumbe unaomwokolea siku yake. Hili halihitaji kichwa kipya cha treni wala mkopo. Linaweza kuanza wiki hii.

Pili, irudishwe treni moja ya uhakika inayoondoka Stesheni baada ya saa kumi na mbili jioni, kila siku ya kazi pamoja na Jumamosi.

Tatu, saa ya treni ya asubuhi ipangwe upya kwa kushauriana na shule zilizo kandokando ya njia, watoto wafike kabla ya kengele.

Nne, saa za msongamano litengwe behewa moja kwa ajili ya wanawake, wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu, na kila treni iwe na mlinzi ndani yake, mwenye namba ya simu iliyobandikwa ukutani.

Tano, tiketi ya treni iliyofutwa irudishiwe fedha au itumike safari inayofuata. Taa za vituoni ziwashwe. Kituo kikirukwa, abiria wake wajulishwe kabla hawajapanda.

Sita, mje mtusikilize. Si kwa barua ya kutushukuru kwa maoni yetu, bali kikao cha ana kwa ana, mkiwa na ratiba mkononi na mtu mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Tunatoa siku 30 kutoka leo. Zikipita bila jibu la maandishi, tutawasilisha malalamiko rasmi kwa mamlaka ya udhibiti na kwa baraza la watumiaji, tukiambatisha barua ya awali yenye muhuri wa mapokezi pamoja na majina na sahihi za abiria watakaokubali kusaini. Karatasi za sahihi zimeshaanza kuzungushwa behewani.

Kikao mkikipanga, tunaomba kiwe hapa Gongo la Mboto, Jumamosi baada ya saa kumi jioni, maana kabla ya hapo wengi wetu tutakuwa bado kazini. Na kama mtaona vema, njooni kwa treni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kila siku,
kwa idhini ya abiria wenzangu wa treni ya Pugu.

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)
Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini (LATRA CCC)
Wabunge wa Ukonga na Segerea
Msimamizi wa kituo, Gongo la Mboto